Sura ya 7: Kipimo Kwanza, Spea Baadaye

Chukua risiti za gereji za mwaka mzima za mwenye gari yeyote wa Dar es Salaam, kama amezitunza, uzipange mezani. Aghalabu utakuta spea tatu au nne zilizonunuliwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Gari lilikuwa linamisi, zikabadilishwa plagi. Likaendelea kumisi, ikanunuliwa pampu ya mafuta. Ikafuata sensa, nayo haikusaidia kitu, mpaka fundi wa nne alipochomoa koili moja akaikuta imepasuka. Zile spea za mwanzo zilizotolewa zilikuwa nzima. Zimetolewa kwa sababu hakuna aliyepima. Kwa maoni yangu pesa nyingi za wenye magari zinaishia hapo, kwenye kubahatisha, kuliko zinavyoishia kwenye bei ya spea yenyewe au kwenye ufundi.

Mazingira yetu nayo yanachochea. Magari mengi tunayoendesha ni ya Japani yaliyotumika: IST, Raum, Vitz, Premio, Noah. Spea zake zimejaa Gerezani na Kariakoo, kwa hiyo kubadilisha ni rahisi kuliko kuchunguza. Halafu sisi wateja tunamlipa fundi kwa kufungua na kufunga nati, hatumlipi kwa kufikiri. Akikaa saa mbili na mita mkononi akitafuta waya uliokatika, tunamwona anapoteza muda. Akibadilisha altaneta kwa dakika arobaini, tunatoa pesa bila kinyongo, hata kama altaneta haikuwa na kosa. Fundi si mjinga, anajua biashara inalipa wapi.

Tuanze na gari kuchemsha, maana huo ndio ugonjwa unaoua injini nyingi na ndio unaotibiwa vibaya kuliko yote.

Kabla ya kuuliza gari lina nini, uliza linachemka wapi. Kama linachemka kwenye foleni ya Ubungo, lakini likishavuka Kibaha na kukimbia kilomita 80 kwa saa mshale unashuka, basi hewa ndiyo haipiti kwenye rejeta: feni haizunguki, au inazunguka kivivu. Kama foleni inalivumilia ila linachemka kwenye mwendo mrefu, au likiupanda mlima Kitonga, basi kitu cha kushuku ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba, wota pampu imechoka, au themostati haifunguki sawasawa. Jibu hilo unalo wewe dereva, fundi hana, na halikugharimu hata senti. Feni nayo ina jaribio lake la bure. Washa injini, washa AC, kisha fungua boneti. Kwenye magari mengi haya madogo feni inatakiwa izunguke muda si mrefu. Isipozunguka, anza na fyuzi, nenda kwenye rilei, na mota ya feni iwe ya mwisho.

Mfuniko wa rejeta nao haupati heshima yake. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100. Mfuniko unayabana kwa presha ya karibu bar 1, na kwa kubanwa huko yanavumilia hadi nyuzi 120 hivi kabla ya kuchemka. Mpira wake ukichakaa, presha inatoroka, maji yanachemka mapema na yanapungua kila siku bila kuonekana yanavujia wapi. Ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa kwenye mfumo mzima wa kupoza injini, na mara nyingi unafikiriwa wakati rejeta mpya imeshanunuliwa.

Sasa themostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachotosha kwenye kiganja, chenye springi na nta ndani yake. Injini ikiwa ya baridi kinaziba njia ya maji. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, nta inatanuka na njia inafunguka. Ingia gereji bubu yoyote na gari linalochemka, uwezekano ni mkubwa kuwa tiba ya kwanza itakuwa kuking'oa na kukitupa. Maelezo yake yamezoeleka: "Bosi, hii waliwawekea wa kwenye barafu. Nchi yetu ya joto, haina kazi." Anayesema hivyo kwa kawaida hadanganyi, ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemlea. Lakini themostati haijali joto la Dar es Salaam. Nyuzi 32 za mchana wa Januari ziko mbali sana na joto ambalo injini imetengenezwa ifanye kazi nalo. Ikikosa themostati, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari, ikisoma kwamba bado ni ya baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi kama inavyofanya asubuhi. Mwenye gari anaanza kulalamika kwamba gari linakula mafuta. Hapo linafunguka faili jipya: sensa ya oksijeni, nozeli, plagi. Na mara nyingi fundi huyohuyo alikuwa ameunga feni "dairekti", yaani inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, jambo linaloipoza zaidi injini ambayo tayari ni ya baridi. Ukinunua gari mkononi mwa mtu, uliza mambo hayo mawili kabla ya kuuliza kilomita.

Maji ya kisima nayo ni adui. Maeneo mengi ya pwani maji ya kisima yana chumvi, na chumvi ikikutana na aluminiamu ya rejeta na chuma cha wota pampu inazaa kutu na magamba yanayoziba vinjia vyembamba. Kulanti tunaidhania kuwa dawa ya kuzuia barafu tu, kumbe kazi yake nyingine ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kama huna kulanti, weka maji yaliyosafishwa, yale yale ya betri, mpaka utakapoipata.

Gari likichemka barabarani, zima AC, washa hita hata kama utalowa jasho, kwa kuwa hita inavuta joto kutoka kwenye injini, kisha tafuta pa kusimama. Zima. Usifungue mfuniko. Usimwage maji baridi juu ya injini. Silinda hedi nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu iliyopata moto kupita kiasi inapinda. Wenye Prado na Surf za dizeli za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE wanalijua hili kwa uchungu. Hedi ya injini ile ina sifa mbaya ya kupasuka ikichemshwa. Wanaosema "nijikongoje tu mpaka gereji, ni pale mbele" ndio wanaolipia hedi.

Na gasketi ya hedi ikishutumiwa, dai ushahidi kabla injini haijafunguliwa. Dalili zipo: mapovu yanayotoka mfululizo kwenye maji ya rejeta injini ikiunguruma, maji kupungua bila kuvuja, moshi mweupe mzito hata gari likiwa limeshapata moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. (Utando mwepesi wa maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi, gari la safari fupifupi linaweza kuupata kwa unyevu tu.) Kuna kipimo cha mgandamizo wa silinda, na kuna dawa ya maji inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi ndani ya rejeta. Gereji isiyo na hata kimoja kati ya hivyo isikufungulie hedi. Na hedi ikishafunguliwa, lazima ipelekwe karakana ipimwe kama imenyooka. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itarudi gereji baada ya muda mfupi, nawe utalipa ufundi mara ya pili.

Gari kugoma kuwaka kuna kelele zake tatu, na kila moja inakuelekeza kwake. Ukizungusha ufunguo ukasikia tik-tik-tik za haraka na taa za dashibodi zinafifia, shuku betri au tamino zake. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zinabaki angavu, shuku stata. Stata ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, betri na stata ziache, tatizo liko kwenye moto wa plagi au kwenye mafuta. Tamino zianze kwa kusafishwa: ule unga mweupe au wa kijani unaojikusanya juu yake huzuia umeme kama kutu inavyoziba bomba, na maji ya moto na brashi ya waya yameshaokoa betri nyingi zilizokuwa zimehukumiwa kifo.

Kisha nunua mita ndogo ya umeme, ile ya bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha. Washa injini: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki palepale 12, altaneta haichaji. Namba hizo zinamaliza ubishi ambao ungekuuzia betri mpya leo na altaneta wiki ijayo. Yuko fundi umeme atakayetaka kupima altaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, aone kama itazima. Mzuie. Jaribio hilo lilikuwa na maana kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Kwenye gari la leo, kuchomoa betri kunaweza kurusha volti kwa ghafla na kuunguza vifaa vya elektroniki vyenye bei kuliko altaneta yenyewe.

Turudi kwenye kumisi, ule ugonjwa wa risiti za mwanzo. Injini nyingi za VVT-i zina koili moja juu ya kila plagi. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikitoa kodi P0302, inakwambia silinda ya pili haishiki vizuri. Haikwambii kwa nini. Fanya hivi, au simamia ifanyike: chomoa koili ya silinda ya pili uihamishie ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa kodi, endesha kidogo, soma tena. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa mtindo uleule, kisha geukia nozeli. Ukichomoa koili ukakuta shimo la plagi limejaa oili, gasketi ya tapeti kava imekwisha, na hata ukinunua koili mpya nne zitaungua vilevile. Upimaji wote huo haukuhitaji kununua hata spea moja.

Watu wengi wanaiamini skana kuliko inavyostahili. Kodi ni lalamiko la kompyuta, hukumu bado haijatolewa. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na fundi mwenye haraka ataibadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Kumbe pengine kuna mpira wa hewa uliochanika nyuma ya filta, au pampu ya mafuta haisukumi vya kutosha. Na hapo pampu ina historia yake: imekaa ndani ya tenki na inapozwa na petroli inayoizunguka, hivyo anayeishi na taa ya mafuta imewaka, akiweka ya elfu kumi kila asubuhi, anaikausha polepole. Taa ya injini ikiwaka tu, una muda wa kupima. Ikianza kuwaka na kuzima, yaani inakonyeza, punguza mwendo na ulisimamishe, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya ekzosi. Masega hayo yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake. Ndiyo sababu yana wanunuzi, na ndiyo sababu hutakiwi kuliacha gari lako gereji usiyoijua lilale huko.

Moshi nitausema haraka. Wa bluu ni oili inaungua; mweusi ni petroli iliyozidi, na anza na filta ya hewa kabla ya kugusa nozeli; mweupe usioisha ni maji, na hayo tumeshayazungumza. Mvuke wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache haumhusu fundi.

Kelele za chini nazo zinauza spea nyingi zisizohitajika, hasa shokapu. Barabara zetu zinajulikana. Ngo-ngo-ngo ndogondogo kwenye mashimo madogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi, vitu vya bei ndogo. Shokapu iliyokufa ina dalili nyingine: inavuja oili, na ukilikandamiza gari kona moja ukaliachia, linadunda zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Jeki iwekwe vizuri, tairi liwe hewani, lishikwe juu na chini litikiswe: likicheza, ni bearingi au boljointi. Lishikwe kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi. Simama hapo uone kwa macho yako. Fundi anayejiamini hatakasirika.

Giaboksi inahitaji tahadhari moja tu, lakini ni kubwa. Ile oili nyekundu ya mtaani inayoitwa haidroliki haiingii kwenye kila giaboksi. IST ya kwanza, ya kati ya 2002 na 2007, ina giaboksi ya otomatiki ya gia 4. IST iliyoifuata kwa sehemu kubwa ina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na oili yake ni tofauti kabisa. Vitz nyingi za kizazi cha pili nazo ni CVT. Jina la gari ni lilelile, nembo ileile, na anayemwagia CVT haidroliki ya kawaida anaandaa kilio. Soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia oili, na ununue iliyoandikwa hapo, sio "inayofanana nayo".

Sasa tuongee pesa.

Gawa mambo mawili ambayo gereji nyingi hupenda kuyachanganya: gharama ya kujua tatizo na gharama ya kulitengeneza. Mwambie fundi mapema, "Mkuu, leo nataka unipimie tu. Kupima shilingi ngapi?" Wengine watashangaa, maana wamezoea kupima bure ili warudishe kwenye spea. Kipimo cha bure ndicho ghali. Ukishalipia kipimo, una haki ya kuondoka na jibu na kulipeleka kwa fundi mwingine. Jibu lenyewe liandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kasoro gani, imejulikanaje, spea gani, ufundi kiasi gani. Neno "imejulikanaje" ndilo linalochuja mafundi.

Fundi akienda kukununulia spea, kuna cha juu. Kila mtu anajua, na mimi siwezi kukilaumu sana, kwa kuwa wateja wenyewe wanabana ufundi hadi haubaki ujira wa maana. Lakini ujue unachagua nini. Ukienda dukani mwenyewe unaokoa cha juu, na spea ikifa baada ya wiki, fundi atanawa mikono. Ukimwachia anunue, mkubaliane kwamba spea ikifa ndani ya muda fulani ufundi wa kuirudia ni bure. Vyovyote vile, beba spea ya zamani uende nayo dukani, na uwe na namba ya chasisi, maana IST mbili zinazofanana kwa rangi zinaweza kutofautiana kwa diski za breki. Na spea iliyotolewa irudi mikononi mwako. Fundi akisita kukurudishia pampu "iliyokufa", uliza tena.

Mtumba wa Japani ni mzuri kwa taa, milango, vioo, altaneta, hata giaboksi na injini nzima. Breki pedi, boljointi, beliti, wota pampu na kitu chochote cha mpira vinunuliwe vipya. Angalia feki: majina kama NGK na Denso yanaigwa kwa sababu yanauzika, na plagi za bei ya nusu zenye majina hayo zina sababu ya kuwa na bei ya nusu. Dai risiti ya EFD. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, na malalamiko yasiyo na risiti yanabaki kuwa hadithi.

Injini ikiwa imekwisha kweli, mara nyingi kununua injini ya mtumba kunakuwa nafuu kuliko kuishusha ya zamani na kuifanyia ovahoo, hasa kwa hizi Toyota ndogo zenye injini tele sokoni. Usisahau kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda TRA ukabadilishe na kadi, la sivyo siku ya kuuza utajikuta unauza gari ambalo karatasi zake zinalikana.

Na siku fundi atakapolikagua gari lako saa nzima, akanawa mikono yake kwa sabuni ya unga, kisha akakwambia, "Bosi, hapa hakuna cha kubadilisha, kaza tu hiyo tamino," usimwambie asante tu ukaondoka. Mlipe, tena mlipe vizuri, na uhifadhi namba yake.